Kosa lionekane na karani

Swali: Msomaji wa Moshi ameandika programu ya Python ya kupokelea kahawa kwenye chama cha msingi. Makosa hutokea kwenye dirisha jeusi ambalo karani halitazami. Afanyeje?

Jibu: Atumie tkinter.messagebox. Amri ya showerror huleta kidirisha cha kosa na kusubiri karani abonyeze kitufe. Showwarning ni ya onyo.

Kazi kubwa ni maneno. “ValueError” haimsaidii karani, wala mkulima aliyeshuka na gunia kutoka Kibosho. Kidirisha kiseme: “Uzito si tarakimu. Andika kilo, mfano 48.5.” Kiswahili kinaiweza kazi hii: Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu za ofisi za OpenOffice, ilitolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Maelezo ya kiufundi yahifadhiwe kwenye faili la fundi.