SOMO: MASHAHIDI WALIONYAMAZA
Soma: Mwanzo 37:23–36

Wapendwa, Yusufu aliuzwa kwa vipande 20 vya fedha. Yakobo alipoletewa kanzu yenye damu ya mbuzi, aliamini mwanawe ameliwa na mnyama. Waliojua ukweli walinyamaza.

Hapo ndipo inapokwama kazi ya mpelelezi wa usafirishaji haramu wa binadamu. Binti hushuka kutoka Mgeta, hupita hapa Mzumbe, hupanda basi la Dar es Salaam. Sisi husema, "Amepata kazi." Mpelelezi huuliza: Nani alimchukua? Aliahidi nini? Nauli alilipa nani? Mshahara hupokea nani? Majibu hayo tunayo sisi majirani.

Sheria ya mwaka 2008 yasema wazi: aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, ridhaa yake, au ya mzazi wake, haiwi kinga kwa aliyemsafirisha ili anyonywe. Basi tusifiche habari kwa kumwonea haya ndugu.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ndugu zake Yusufu walimficha baba yao nini, na kwa nini?
2. Ni mtoto gani wa jirani ambaye hatujasikia habari zake? Nani ataulizia wiki hii?