Taulo Haikaushwi na Maoni: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Unapopita Nyumba kwa Nyumba Bukavu

Swali la "Je, ungependa kuwa na taulo safi zaidi?" limeshaulizwa vya kutosha katika mji huu. Lifute. Hakuna mtu wa Ibanda, wa Kadutu wala wa Bagira atakayekujibu kwamba anapenda taulo chafu. Utarudi na "ndiyo" tupu, utachora duara la rangi moja, na fundi atashona kitu kisichomfaa mtu.

Naandika kwa ajili ya watu watatu: mwanafunzi anayeandaa TFC, kazi yake ya mwisho wa masomo, juu ya usafi, fundi wa cherehani anayetaka kushona taulo za kuuza, na mtu wa shirika aliyepewa fedha za usafi pamoja na haraka ya kuzimaliza. Jambo lenyewe si dogo. Mlipuko wa mpox ulioanza Kamituga, humu humu Kivu ya Kusini, Septemba 2023, ndio uliofichua kundi jipya la virusi, Ib. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Watu wakaambiwa wasitumie taulo moja, na wakasikia. Upele, choa na macho mekundu vilikuwa vikipita kwenye taulo hizo hizo miaka mingi kabla. Lakini nyumba yenye watu wanane na taulo mbili haiwezi kutii agizo, hata ikilijua kwa moyo. Kama uchunguzi wako hauoni hilo, kaa nyumbani.

KABLA YA KUTOKA: FANYA

Andika uamuzi kwanza, maswali baadaye. Fundi atabadilisha nini akipata jibu? Uzito wa kitambaa, ukubwa, kitanzi cha kuning'inizia, rangi, bei. Basi. Swali lisilogusa hata kimoja kati ya hivyo linamwibia muda mama aliyeacha sufuria kwenye makaa. Nimeshika fomu za kurasa nane, nusu nzima ikiwa juu ya dini, kabila na shule alizosoma baba wa nyumba. Taulo haina dini.

Hesabu nyumba mwenyewe. Kongo haijafanya sensa tangu 1984. Orodha yoyote utakayopewa ofisini ni makadirio yaliyozaa makadirio. Nenda kwa shefu wa avenyu, jitambulishe, pita parseli kwa parseli, andika kila mlango, kisha piga kura ya nyumba. Huu ni mji wa miteremko. Nyumba iliyo chini kabisa ya ngazi za udongo, iliyobanwa na ukuta wa jirani, ndiyo ambayo jua linachelewa kuifikia na kuwahi kuiacha. Taulo isiyokauka iko kule. Mchunguzi mvivu anaishia kwenye nyumba za kando ya barabara, halafu anaandika "Bukavu".

KABLA YA KUTOKA: USIFANYE

Usiulize "Una taulo?" Mama anayejipangusa kila siku kwa kikwembe cha zamani atasema hana, nawe utaweka sufuri mahali penye kitambaa, mazoea na labda jibu lako lote. Uliza: "Leo ulipotoka kuoga, ulijipangusa na nini?" Leo, au jana. Usiseme "kwa kawaida". Ukimwuliza mtu mambo ya kawaida, atakueleza maisha anayotamani.

Usiabudu 384, ile idadi ya watu wa kuhojiwa. Kila TFC inayo, na wengi walioiandika hawajui imetoka wapi. Inatoka kwenye kanuni: unakadiria kwamba nusu ya watu wana tabia unayoitafuta, unavumilia kosa la asilimia 5 juu na chini, unataka uhakika wa asilimia 95. Kanuni hiyo inataka watu wachaguliwe kwa kura, mmoja mmoja, mji mzima. Ukichukua nyumba kumi zinazofuatana kwenye avenyu moja, watu wake wanachota kwenye bomba moja na kuanika kwenye uzio mmoja, kwa hiyo wanafanana. Zidisha idadi, mara nyingi tunazidisha kwa mbili. Na watu 384 uliowasimamisha sokoni Nyawera ni watu waliokuwa Nyawera asubuhi ile, si zaidi. Wingi wa majibu hauokoi uchaguzi mbaya wa watu: mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni mbili na kutangaza kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48.

MLANGONI: FANYA

Omba kuona. Mengine yote ukiyasahau, hili lishike.

Mwaka 1997 jarida la Tropical Medicine & International Health lilichapisha utafiti wa vijijini Zaire, yaani kwetu. Manun'Ebo na wenzake waliwauliza akina mama juu ya usafi, kisha wakalinganisha majibu na yale waliyoyaona wenyewe. Hayakulingana: tabia nzuri zilitajwa zaidi kuliko zilivyoonekana. Usiwaite akina mama waongo. Mtu akiulizwa na mgeni mwenye kalamu kama nyumba yake ni safi, anaitetea heshima yake. Wewe pia ungefanya hivyo. Ndiyo sababu wachunguzi wa EDS, ule uchunguzi wa taifa wa watu na afya, huomba waonyeshwe mahali pa kunawia mikono, wakaangalia kama pana maji na kama pana sabuni. Iga hapo.

Mama mmoja wa mtaa wa Nyamugo alijibu bila kusita: "Kila mutu iko na yake." Tukaomba kuona. Nyuma ya mlango wa chumba palikuwa na msumari mmoja, juu yake taulo tatu zimelaliana. Ilikuwa saa nane mchana. Ya juu ilikuwa na unyevu kwenye pindo, ya kati ilikuwa mbichi kabisa, ya chini ilinuka ukungu na upande wake uliogusa mbao ulikuwa na vidoa vyeusi visivyotoka kwa sabuni. Mama hakudanganya: kila mtu alikuwa na yake. Msumari ndio ulikuwa mmoja. Weka mstari wa msumari kwenye fomu yako: ni mingapi, iko wapi, na kila mmoja umebeba nini.

Pima. Beba mizani ya jikoni kwenye mkoba. Taulo nene ya sentimita 70 kwa 140, yenye gramu 500 kwa mita ya mraba, ina karibu nusu kilo ikiwa kavu. Andika uzito wake ikiwa kavu, mara tu baada ya mtu kuoga, na tena jioni, ikiwa pale pale inapokaa siku zote. Jioni ikiwa bado nzito, basi vidudu vimepewa siku nzima ya unyevu, na anayeoga usiku atajipangusa kwa maji ya aliyeoga asubuhi. Hiyo ndiyo namba ambayo fundi anaweza kuikata kwa mkasi.

Uliza nani alimfuata nani. Baba akioga kwanza, halafu mama, halafu watoto watatu kwa taulo ile ile, mtoto wa mwisho ndiye unayemshonea.

MLANGONI: USIFANYE

Usimtume kijana wa kiume kumwuliza mama mambo ya bafuni. Chini ya taulo iliyoanikwa mara nyingi kuna vitambaa vya hedhi vinavyokaushwa kwa siri, kwa sababu haviwezi kuanikwa uani mbele ya wakwe. Kijana ataambiwa "hakuna kitu". Binti mwenye adabu, anayeamkia kwanza na kuongea Mashi na mama mzee wa nyumba, ataonyeshwa.

Usitaje upele mbele ya majirani. Mtoto atabeba jina hilo shuleni muda mrefu baada ya ngozi kupona.

Usivae gileti ya shirika. Gileti inageuza majibu. Ukija bila gileti, watu watajisifu. Ukija na gileti, mwenye taulo nne atakuwa na moja, nayo imechanika, kwa sababu huenda unagawa. Vilevile usitoe sabuni kabla ya maswali. Itoe mwishoni, kwa kila nyumba, hata ile iliyokataa kujibu.

Usiandike majina. Waasi wa M23 waliingia Bukavu Februari 2025. Katika mji kama huu, mtu anayepita na orodha na simu anatisha, na wanaomwogopa hawakosei. Fomu iwe na namba ya nyumba tu. Kobo, ile programu ya fomu za simu, ikikuuliza kama unataka GPS, jibu hapana. Taulo haihitaji kuonekana kutoka angani. Picha ya msumari piga ukiruhusiwa. Picha ya uso usipige hata ukiruhusiwa.

MEZANI KWA FUNDI: FANYA

Punguza uzito. Taulo ya vinyweleo virefu hunywa maji vizuri, na kwa sababu hiyo hiyo huyaachia kwa shida. Hapa mvua hutushika kuanzia Septemba hadi Mei. Kitambaa bapa hukauka mapema, hunywa maji machache ya kufulia na hakimchoshi anayekamua kwa mikono. Watu wa pwani wamejipangusa kwa kikoi muda wote huu bila kusubiri taarifa ya mtaalamu. Mama wa kikwembe cha zamani, yule uliyetaka kumwandikia sufuri, alikuwa ameshafika kabla yako.

Shona kitanzi kwenye kila pembe ya juu, ili taulo ikae wazi kwenye misumari miwili. Taulo iliyokunjwa kwenye msumari mmoja hukauka nje na kuoza ndani. Ukiuza taulo, uza na misumari yake miwili ndani ya pakiti. Watacheka. Weka.

Tofautisha ncha kwa rangi: moja ya uso, nyingine ya sehemu za chini. Kisha mpe kila mtu wa nyumba mstari wa rangi yake. Mtoto asiyejua kusoma anajua kwamba yake ni ya njano, na atampigia kelele kaka yake akiigusa. Huhitaji bango.

MEZANI KWA FUNDI: USIFANYE

Usinunue hadithi ya nyuzi zenye madini ya fedha zinazoua vidudu. Mwaka 2008 Benn na Westerhoff, watafiti wa Arizona, walizifua soksi za aina hiyo zilizokuwa madukani. Baadhi zilipoteza karibu fedha yote baada ya kufuliwa mara nne. Nguo ya mtu wa mtaa wa Cimpunda hufuliwa kwa kusuguliwa, tena kwa nguvu. Utamuuzia bei mara mbili kwa mwezi mmoja wa kinga, kama hata mwezi utafika.

Usidhani nyeupe ndiyo usafi. REGIDESO, kampuni ya maji, ikikata maji, nyeupe inageuka rangi ya chai, mwenyewe anaona aibu kuianika uani, inahamia nyuma ya mlango. Nyeusi nayo inaficha uchafu hadi inuke. Nenda ukaangalie ni rangi gani zinazoanikwa nje, ushone hizo.

Usiandike "fua kwa maji ya moto" bila kuhesabu makaa. Wadudu wa upele hufa kwenye nyuzijoto 50 kwa dakika 10, kweli, lakini anayechagua kati ya kuchemsha taulo na kupika fufu atapika fufu. Mwambie hili: wadudu hao wakitoka kwenye ngozi kwa kawaida hawavuki siku 2 au 3. Funga taulo kavu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, iache siku 3 kamili, kisha ifue kama kawaida. Hiyo ni kwa upele peke yake. Virusi vya mpox ni vigumu zaidi kwenye kitambaa, kwa hiyo taulo ya mgonjwa hufuliwa peke yake, kwa sabuni na maji ya moto, na hapo makaa yatafutwe popote yalipo. Na ukishamwambia afunge taulo siku 3, umemwambia anahitaji ya pili. Bei yako iruhusu mbili.

Usijaribu taulo yako mwezi wa Julai. Kiangazi hata gunia linakauka. Ipeleke Novemba, kwenye nyumba thelathini, nusu zikipewa mpya na nusu zikibaki na za zamani, kwa kura, si kwa urafiki. Waambie tangu mwanzo kwamba utarudi bila kutaja siku, wakubali au wakatae. Rudi na mizani.

Nyumba nyingi utakuta taulo mpya imekunjwa vizuri ndani ya sanduku, haijaguswa na maji, inasubiri wageni. Usifurahi kwamba wameipenda. Umeshona zawadi. Toa nakshi, toa ule mng'ao, shona nyingine isiyostahili mgeni, uirudishe kwenye nyumba zile zile mwezi wa Machi.