MNYAPARA BADO YUPO KAZINI?
Jinsi ya kutambua mazingira mabaya ya kazi na nini cha kufanya

Safari hii tunazungumzia kazi. Usiseme "mimi bado mwanafunzi, hayo hayanihusu". Likizo ya Desemba ikifika, wapo wenzako wanaokwenda Urambo, Kaliua au Sikonge kupalilia tumbaku. Wengine wanauza duka la mjomba, wanasuka saluni, au wanajifunza ufundi gereji. Na ukishamaliza mtihani wa kidato cha nne, huenda ukapanda treni pale stesheni ya Tabora kwenda Dar es Salaam au Mwanza kutafuta maisha. Kwa hiyo kazi iko karibu nawe kuliko unavyofikiri.

Watu wengi wanajua kwamba kazi inaweza kuumiza mgongo au mikono. Wachache wanajua kwamba hata tabia za watu mnaofanya nao kazi zinaweza kukuumiza. Kila mahali pa kazi pana desturi zake: namna watu wanavyosemeshana, nani anaruhusiwa kuuliza swali, mtu akiugua anafanyiwa nini, na pesa inalipwa lini. Hizo desturi ndizo tunaziita utamaduni wa kazi. Ukiwa mzuri, utajifunza na kukua. Ukiwa mbaya, utaugua.

TUANZE NA WAPAGAZI WA TABORA

Sisi wa Tabora hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika karne ya 19 mji wetu ulikuwa njia panda ya misafara. Njia ya kati ilitoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, yaani Tabora, ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ni mwendo wa kilometa zaidi ya 1,000, kwa miguu. Pembe za ndovu zilishuka pwani, vitambaa na shanga zikapanda bara. Katika njia hiyo hiyo watumwa nao walipelekwa pwani kwa nguvu.

Wanyamwezi wengi waliofanya kazi ya upagazi hawakuwa watumwa. Walifanya kazi ya malipo. Mpagazi alibeba mzigo wa takribani kilo 30, na juu yake akaongeza vitu vyake mwenyewe: mkeka, chungu, silaha. Ilikuwa kazi ngumu, lakini wengi waliionea fahari. Kijana aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima.

Sasa sikiliza jambo la maana. Msafara mzuri ulikuwa na taratibu. Kiongozi wa njia, kirangozi, alitangulia mbele na wapagazi walimheshimu kwa sababu anaijua njia. Posho ilijulikana. Siku za kupumzika zilijulikana. Na mkuu wa msafara akivunja makubaliano, wapagazi waliweka mizigo chini wote kwa pamoja na kugoma kuondoka kambini mpaka wasikilizwe. Wakizidiwa, waliondoka usiku.

Misafara mibaya nayo ilikuwepo. Posho ilipunguzwa, wagonjwa wa ndui au kuhara waliachwa njiani, na watu walichapwa fimbo. Henry Morton Stanley, aliyefika Tabora mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliandika mwenyewe katika kitabu chake kwamba aliwachapa wapagazi wake. Baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918, Waafrika walilazimishwa kubeba mizigo ya majeshi ya Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa magonjwa, njaa na uchovu, siyo kwa risasi. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Kazi ni ile ile, kubeba mzigo. Kilichotofautiana ni jinsi mbebaji alivyotendewa. Hata neno mnyapara lina historia hiyo. Wanyapara walikuwa wazee wenye heshima kwa Wanyamwezi, na katika misafara walikuwa wakuu wa wapagazi. Leo ukisema "mnyapara" watu wanafikiria mtu wa kufokea wenzake. Jiulize: neno la heshima lilichafukaje hivyo?

KAZI NGUMU SIYO KAZI MBAYA

Tusichanganye mambo. Kulima ni kazi ngumu. Kukaa zamu ya usiku hospitali ya Kitete ni kazi ngumu. Fundi anayekurekebisha kwa ukali kidogo kwa sababu umekaribia kukatika kidole, huyo hakuonei. Ugumu wa kazi una sababu, na una mwisho. Mazingira mabaya dalili zake ni hizi:

1. Matusi na kudhalilishwa ni mambo ya kila siku. Ukikosea, unatukanwa mbele ya wateja badala ya kuelekezwa.

2. Kuuliza ni kosa. Ukiuliza mshahara utalipwa lini, unaitwa mjuaji.

3. Saa za kazi hazina mwisho. Unaamka saa 10 alfajiri, unalala saa 6 usiku, na bado unaambiwa mvivu.

4. Mgonjwa anachekwa. Anayeumia analaumiwa badala ya kutibiwa.

5. Malipo ni kitendawili. Kila mwezi kuna makato usiyoyaelewa, au unaambiwa "subiri mpaka tuuze".

6. Unaguswa mwili, unatolewa maneno ya ngono, au unaambiwa utapata kazi "ukiwa mwelewa".

7. Wote wanajua, na wote wananyamaza. Ukilalamika unajibiwa: "Hapa ndivyo tulivyo. Utazoea."

Jibu hilo la mwisho ndilo la hatari zaidi. Mtu mmoja mkorofi anaweza kuonywa. Lakini ukorofi ukishakuwa desturi, hata wewe uliyeonewa mwaka huu, mwaka ujao utamwonea mgeni.

MFANO WA SHAMBA LA TUMBAKU

Tuseme umekwenda kuchuma tumbaku. Ni asubuhi, majani yana umande. Baada ya saa chache unasikia kichefuchefu, kizunguzungu, kichwa kinauma, unatapika. Mwenzako anacheka: "Mtoto wa shule huyo, kazi imemshinda!" Kumbe siyo uvivu. Majani mabichi ya tumbaku yana nikotini, na yakiwa na maji, sumu hiyo hupenya ngozini na kuingia kwenye damu. Ni ugonjwa unaojulikana kwa madaktari.

Kinga yake siyo ngumu: subiri umande ukauke, vaa mikono mirefu na glavu, badili nguo zilizolowa, nawa kwa sabuni. Ukishaanza kutapika, acha kazi, toka shambani, vua nguo zilizolowa, oga, kunywa maji na nenda zahanati. Penye utamaduni mzuri msimamizi anayasema haya kabla hujaanza. Penye utamaduni mbaya unaambiwa kaza moyo. Umeona sasa jinsi maneno ya watu yanavyoweza kumwacha mtu kwenye sumu?

MWILI UNATOA TAARIFA

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali ya kuchoshwa kabisa na kazi kwa mambo matatu: nguvu zinakwisha, unaichukia au unaidharau kazi yako, na uwezo wako wa kuifanya unashuka. Hutokea mtu anapoishi na msongo wa kazi muda mrefu bila msaada. Angalia na dalili nyingine: usingizi hauji, tumbo linavuruga kila asubuhi ya kwenda kazini, moyo unakwenda mbio ukisikia sauti ya bosi, unalia bila sababu, au umeanza kunywa pombe ili usahau. Hiyo siyo kurogwa. Mwili unakuambia mzigo umezidi. Zungumza na mtu unayemwamini, na mwone mhudumu wa afya. Ukipata mawazo ya kujiua, usikae peke yako hata kidogo, mwambie mtu siku hiyo hiyo.

KWA NINI WATU WANAVUMILIA?

Sababu ziko wazi. Njaa. Wadogo zako wanaosubiri ada. Tena mara nyingi kazi umetafutiwa na ndugu. Binti akipelekwa Dar na shangazi kufanya kazi za ndani, ataona kulalamika ni kumwaibisha shangazi. Na wazee watamwambia: mvumilivu hula mbivu. Ni kweli, rafiki. Lakini mbivu ni mbivu na mbovu ni mbovu. Kuvumilia jua la shamba kuna faida mbele yake. Kuvumilia kuchezewa mwili hakuna faida yoyote.

SHERIA INASEMAJE?

Tanzania ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Yashike haya:

- Mtoto chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa. Mwenye miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala kumzuia kwenda shule.
- Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi za hatari, kwa mfano migodini. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza pia kumfanyisha mtoto kazi usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi.
- Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida.
- Unastahili mapumziko ya saa 1 baada ya kufanya kazi saa 5 mfululizo, na siku nzima ya kupumzika kila wiki.
- Kunyanyaswa kazini ni aina ya ubaguzi, na sheria inaukataza.
- Una haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi: TPAWU kwa mashambani, CHODAWU kwa mahoteli na kazi za majumbani, TUICO kwa viwanda na biashara.

Na mwenye mamlaka anayedai ngono ili akupe kazi, anatenda kosa la rushwa kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Siyo "mambo ya wakubwa". Ni kosa la jinai.

UFANYE NINI?

Kabla ya kuanza kazi: Uliza mapema. Nitafanya nini? Saa ngapi? Nitalipwa kiasi gani, siku gani? Waache wazazi wako anwani na simu ya unakokwenda. Weka akiba ya nauli ya kurudi mahali ambapo mwingine hajui.

Andika. Nunua daftari dogo. Kila siku andika saa ulizoanza na kumaliza, fedha ulizopokea, na jambo baya lililotokea, tarehe na nani alikuwepo. Daftari hilo ndilo shahidi wako.

Sema kwa adabu, lakini sema. Jizoeze na mwenzako hivi:

"Shikamoo mzee."
"Marahaba. Unasemaje?"
"Naomba dakika 2. Tulikubaliana nilipwe mwisho wa mwezi, na leo ni tarehe 10. Naomba kujua nitalipwa siku gani."
"Wewe una haraka ya nini? Wenzako wanasubiri."
"Nimekuelewa mzee. Ila naomba unitajie siku, niiandike."

Umeona? Hakuna tusi, hakuna kulia. Umeomba kitu kimoja, na hukutolewa kwenye mada.

Usiwe peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wapagazi hawakuweka mzigo chini mmoja mmoja. Mkienda watatu kwa msimamizi, ni vigumu kusema ni ukorofi wa mtu mmoja.

Peleka mbele. Kama haisaidii, nenda kwa chama cha wafanyakazi, afisa kazi, au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ukiachishwa kazi kwa kuonewa, peleka lalamiko ndani ya siku 30. Migogoro mingine ndani ya siku 60. Usichelewe. Rushwa, ikiwemo ya ngono, piga TAKUKURU namba 113. Mtoto anayeteswa apige 116, ni bure.

Ukibakwa, usioge kwanza, usifue nguo. Nenda haraka hospitali na dawati la jinsia na watoto la polisi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora zaidi. Uliza pia dawa ya kuzuia mimba ya dharura. Kosa si lako, vyovyote ulivyovaa.

Kuondoka ni ruhusa. Kama afya au maisha yako yako hatarini, ondoka. Hata wapagazi walijua ni wakati gani wa kuacha msafara. Kuacha kazi inayokuua siyo kushindwa maisha.

NA WEWE UKIWA MNYAPARA JE?

Siku moja utakuwa kiranja, kiongozi wa zamu, fundi mkuu, au mama mwenye nyumba mwenye msichana wa kazi. Angalia hata leo pale bwenini: kidato cha kwanza wanafulishwa nguo za kaka zao kwa sababu "na sisi tulifulishwa"? Hapo ndipo utamaduni mbaya wa kazi unapofundishwa. Anayeuzoea shuleni anaubeba mpaka ofisini. Basi anza kuukataa hapo hapo ulipo.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE KLABU YENU

1. Taja kazi tatu ambazo vijana wa mtaa wenu hufanya wakati wa likizo. Kila moja ina hatari gani ya mwili, na hatari gani ya tabia za watu?
2. Mwenzenu anasema bosi wake humshika shika, lakini kazi kaipata kwa msaada wa mjomba. Mtamshauri aanze na nani, na amwambie nini?
3. Igizeni mazungumzo ya kudai mshahara. Mmoja awe bosi mkali kweli kweli.
4. Ni desturi gani moja ya shule yenu mnayoweza kuibadilisha muhula huu? Nani ataanza?