Darasa: Kileo Hakihalaliki kwa Kubadilishwa Jina

Leo twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo macho yetu yamelizoea hata nyoyo hazishituki tena, nalo ni namna watu wa miji yetu ya pwani wanavyoutazama ulevi.

Tuanze na Madina. Waarabu waliizoea khamri kama sisi tulivyoizoea chai, kwa hivyo haikuharamishwa kwa mara moja. Kwanza walijulishwa kuwa madhara yake yapita faida zake; kisha wakakatazwa kusali hali wamelewa; mwisho, katika Sura ya Al-Maida, ikaharamishwa kabisa. Anas bin Malik r.a. asimulia kuwa alikuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha mpiga mbiu alipopita kuutangaza uharamu huo. Hawakujadiliana, khamri ikamwagwa, ikapita katika njia za Madina. Marekani nao waliipiga marufuku biashara ya vileo mwaka 1920, lakini watu wakaendelea kunywa kwa siri, na mwaka 1933 marufuku ile ikaondolewa. Tofauti ni kuwa Madina imani ilitangulia katika nyoyo, kisha sheria ikafuata.

Sasa tujitazame sisi. Mzee anywaye tembo la mnazi akarudi akiyumba, watoto humcheka na jamaa zake humwonea haya. Lakini kijana anywaye bia ya chupa hotelini husemwa ati "amechangamka", na kileo chake huitwa "kinywaji" tu. Je, yule amelewa na huyu ameburudika? Sayyidna Umar r.a. alihutubu juu ya mimbari akazitaja khamri za zama zake, za zabibu, tende, asali, ngano na shayiri, kisha akabainisha kuwa khamri ni kila kifunikacho akili. Bia ni ya shayiri. Tembo ni maji ya mnazi yaliyochacha. Sababu ya uharamu ni moja na hukumu ni moja. Mtume s.a.w. alikwisha kutuonya kuwa watatokea watu katika umma wake watakaoinywa khamri kwa kuipa jina lisilokuwa lake.

Tena haya zetu zimepotea njia. Katika khamri wamelaaniwa watu kumi, si mnywaji peke yake: yumo mkamuaji, mchukuzi, mwuzaji, na alaye thamani yake. Lakini sisi twamtenga mlevi, ilhali mwenye nyumba aliyeikodisha iwe baa twampa nafasi ya mbele katika karamu zetu. Yeye ajenga ghorofa kwa kodi ile, na watoto wa mlevi walala na njaa. Pengine atasema kuwa biashara ile ina leseni. Ni kweli, na sheria ya Kenya ya mwaka 2010 imeruhusu hata chang'aa kutengenezwa na kuuzwa kwa leseni. Lakini leseni ya serikali haibadilishi haramu ikawa halali.

Mtu atauliza: basi tuwafukuze walevi misikitini? La. Mtu mmoja aliletwa mara nyingi mbele ya Mtume s.a.w. kwa kunywa khamri, na mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume akamkataza, akashuhudia kuwa mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Kitendo chachukiwa, lakini mtendaji hatupwi.

Basi yatupasa mambo matatu. Kwanza, tukiite kileo kwa jina lake mbele ya watoto wetu. Pili, mwenye nyumba au duka asiikodishe kwa biashara hii, hata kodi iwe kubwa namna gani. Tatu, aliyenaswa tumwendee kwa siri na upole, tumpeleke kwa tabibu akihitaji, na tuwaangalie watu wa nyumbani kwake.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Wabillahi tawfiq.