Jipu, Chunjua na Uvimbe: Jina na Tiba

Katika mazungumzo ya kila siku, takriban kila kinundu cha ngozi huitwa "uvimbe", ilhali kila aina ina chanzo na tiba yake. Jipu hutokana na bakteria. Huuma, huiva, na hupasuliwa usaha utoke. Chunjua huletwa na virusi. Hupakwa dawa au hugandishwa kwa baridi kali. Uvimbe wa mafuta ni laini, kwa kawaida hauumi, nao husogea ukibonyezwa, usiposumbua, huachwa. Uvimbe wa kifuko hujaa keratini, kitu kizito cheupe. Ukidhaniwa kuwa jipu na kukamuliwa, hunywea kwa muda, kisha hurejea, kwani kifuko kimebaki. Daktari hutia ganzi, hupasua ngozi, hukitoa kifuko kizima, kisha hushona. Ama uvimbe mgumu, usiosogea, unaokua upesi au kutoa damu, huo haungojwi: hupimwa ili ibainike iwapo ni saratani. Hivyo basi, mtafsiri wa maandishi ya afya anayeandika "uvimbe" pasi na kuufafanua humwacha mgonjwa asijue lini angoje na lini aende hospitalini.