Jitengenezee kikokotoo kinachojua faranga na dola

Simu yako inajumlisha vizuri, lakini huenda haina kitufe cha kugeuza dola kuwa faranga. Hapa Pinga, Walikale, mteja analipa kwa dola na kudai chenji ya faranga. Kitufe hicho kimoja ni sababu tosha ya kujitengenezea kikokotoo chako.

Anza na kalamu. Chora vitufe 20: tarakimu 10, nukta, alama 4 za hesabu, sawasawa, kufuta yote, kufuta tarakimu moja, F/D ya kugeuza pesa, na K ya kuingiza kiwango cha siku. Vipange mistari 5 na safu 4, na waya 9 tu zitavitosha vyote.

Usitegemee kupata vifaa sokoni Pinga. Mtume mtu anayetoka mjini, mara moja, na orodha ya vifaa vikuu: Arduino Pro Mini ya volti 3.3 (nunua mbili, ya kwanza inaweza kuungua), adapta ya USB ya kuipandishia programu, skrini ya Nokia 5110 na bodi ya kuchajia ya TP4056 yenye ulinzi wa betri. Vitufe usinunue. Vimejaa kwenye redio na deki za DVD zilizokufa. Muulize fundi redio wa karibu.

Kwa nini skrini hiyo ya kizamani? Kwa sababu inasomeka juani. Skrini za OLED zinapendeza chumbani, ila ukiziweka kwenye meza ya sokoni saa sita mchana huoni kitu. Isitoshe, ukizima taa yake ya nyuma, ya Nokia hunywa umeme kidogo sana.

Betri ichukue kwenye laptopu iliyoharibika: zile za mviringo zinazoitwa 18650. Pima kwanza. Iliyoshuka chini ya volti 2.5, achana nayo. Usilehemu waya moja kwa moja kwenye betri, tumia kishikio. Na usiunganishe TP4056 na betri ya sola ya volti 12, itaungua papo hapo. Pitishia kwenye chaja ya simu ya gari, itoe volti 5.

Kwa kulehemu, tafuta chuma cha volti 12 kinachotumia hiyo betri ya sola. Waya wa kulehemu wa 63/37 unayeyuka kwenye nyuzi 183 tu, kwa hiyo usichome chipu kwa muda mrefu. Bati lililomo hutokana na kasiterite, madini yaleyale yanayochimbwa Bisie, hapa hapa Walikale. Huenda linarudi nyumbani.

Arduino IDE, programu ya kuandikia msimbo, na maktaba ya skrini vipakue kwenye kompyuta ukiwa na mtandao mzuri. Baada ya hapo unafanya kazi bila intaneti.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi hukwama. Kwenye msimbo, usihifadhi pesa kwa aina ya namba iitwayo `float`. Kwenye chipu hii `float` inashika tarakimu 6 au 7 hivi. Ikivuka 16,777,216 inaanza kuruka namba nzima, na kwa faranga hizo ni dola elfu chache tu. Hata `double` haikusaidii, maana hapa ni kitu kilekile. Tumia `long long` na uhesabu kila kitu kwa senti: faranga 2,500 iwe 250000. Ukizidisha, gawanya kwa 100. Nukta utaiweka wakati wa kuonyesha kwenye skrini.

Kiwango cha siku kihifadhi kwenye kumbukumbu ya EEPROM, kisipotee ukizima. Jibu la faranga la kitufe cha F/D lipeleke kwenye 50 au 100 iliyo karibu, kwa sababu hakuna atakayekurudishia faranga 13.

Kitufe kikibonyezwa, subiri milisekunde 20 kisha usome tena. Bila hivyo 5 moja inaweza kuingia kama 555.

Kabla ya kufunga, kijaribu kwa ukali. Gawanya kwa sifuri: kiandike kosa, kisigande. Jumlisha 16,777,216 na 1: mwisho uwe 7. Zidisha 999,999 kwa 999,999: lazima upate 999,998,000,001.

Kifungie ndani ya kisanduku cha sabuni cha plastiki, ukitoboa matundu kwa msumari wa moto. Weka swichi ya kuzimia pembeni. Na kila asubuhi, ingiza kiwango kipya kabla ya mteja wa kwanza.