Tukikarabati kiwanda cha zamani, tutafukuzwa?

*Sisi washonaji na maseremala wa Kasongo tunataka kukodi kiwanda cha pamba kilichoachwa na kukigawa vyumba. Tunaogopa kukitengeneza kisha tufukuzwe. – Mama mshonaji*

Mama, hofu yenu ni ya haki. Sheria ya Julai 1973 iliifanya ardhi kuwa mali ya Serikali. Novemba mwaka uleule Wazaire, yaani Wakongo nchi ilipoitwa Zaire, wakapewa mali nyingi za wageni. Kwa hiyo anayeshika ufunguo leo huenda hana hati. Ombeni kuona cheti cha usajili, mkihakikishe katika ofisi ya hati za ardhi kabla ya kutoa hata faranga moja. Mkataba uandikwe, na gharama za ukarabati zikatwe kwenye kodi. Maseremala wakae mbali na vitambaa: vumbi la mbao hushika moto. Wakitokea watu wawili wanaodai kiwanda ni chao, tafuteni wakili.